Uwanja Usio na Mwenyewe: Kinachodumisha Mradi wa Vijana Dandora

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi, korti ya kawaida ya Dandora huwa na sauti tatu: reki zinazokwaruza saruji, maji yanayojaa kwenye karai, na mpira unaogonga ukuta. Vijana wanazibua mtaro, mabinti na mama zao wanafua, watoto wanacheza. Kila kundi linataka ua uleule kwa saa zilezile, na ua wenyewe unaumaliza kwa hatua thelathini hivi. Mpira ukigusa sare ya shule iliyoanikwa, mwenye sare atatoka na maneno. Mwenye reki akikokota matope kupitia penye povu la sabuni, atayapata maneno hayohayo.

Anayetaka kuelewa kwa nini miradi ya vijana jijini Nairobi huzaliwa mingi na kudumu michache, aanze kwa kusimama hapo Jumamosi moja.

Kwanza korti yenyewe. Msomaji wa mbali asifikirie mahakama. Dandora, korti ni ua wa pamoja uliozungukwa na nyumba. Mtaa huu ulibuniwa katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1975 Serikali ya Kenya, Baraza la Jiji la Nairobi na Benki ya Dunia zilikubaliana kugawa viwanja 6,000 kwa watu wa kipato cha chini. Aliyegawiwa hakukabidhiwa nyumba kamili. Alipata choo, bafu na bomba la maji, wengine wakaongezewa jiko au chumba, na sehemu iliyobaki akaachiwa aijenge mwenyewe kadiri mfuko ulivyomruhusu. Viwanja vilipangwa kwa safu, na katikati ya safu ukaachwa uwazi ambao haukuwa wa mtu mmoja. Watoto wangechezea humo, wazazi wangewaona kupitia dirishani.

Hesabu hiyo ilitegemea mwenye kiwanja aishi kwenye kiwanja chake. Wengi hawakuishi. Kodi ya vyumba ilikuwa na faida kuliko kuvilalia, kwa hiyo nyumba zilipanda ghorofa baada ya ghorofa, na wenye ploti wakahamia kwingine. Waliobaki ni wapangaji na msimamizi wa ploti. Mpangaji wa chumba kimoja hajui kama mwaka ujao atakuwa hapo au mtaa wa Kayole, na msimamizi ameajiriwa kukusanya kodi, hakuajiriwa kutunza ua. Uwazi ule wa katikati ukakosa mwenyewe.

Na Nairobi, mahali pasipo na mwenyewe hapakai wazi kwa muda mrefu. Miaka ya 1990 viwanja vya michezo na nafasi za umma zilinyakuliwa sehemu nyingi za jiji. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 kuchunguza unyakuzi huo na kukabidhi ripoti mwaka uliofuata, iliueleza kwa urefu. Korti zilizonusurika wanyakuzi zilijaa taka. Hilo lina uchungu wake Dandora, kwa sababu mtaa huu tayari unabeba jaa la jiji zima. Jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori hayakuacha kuingia. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wa maeneo yanayolizunguka, na karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kufikia au kupita kiwango kilichokuwa kikikubalika kimataifa wakati huo. Kwa hiyo mtu anaposema watoto wa Dandora wanahitaji mahali pasafi pa kuchezea, hazungumzii kupendezesha mtaa. Anazungumzia afya yao.

Kikundi cha kwanza nilichokaa nacho kilikutana kwenye ngazi za ghorofa moja iliyokuwa haijakamilika. Wao waliita mahali pale besi. Walikuwa kumi na saba, wengi wamemaliza shule, wawili wamekatiza kwa karo. Mimi niliombwa niandike barua na kukagua hesabu, na nikabaki karibu miaka mitatu.

Mwaka wa kwanza tulifanikiwa haraka mno. Shirika moja lilikuja na kompyuta kumi, fulana zenye jina la mradi na mkufunzi wa wiki sita. Tulikodi chumba, tukapaka rangi, kukawa na siku ya uzinduzi yenye hema, viti vya plastiki na wageni waliofika wamechelewa. Nilisimama nyuma nikaona fahari kwenye nyuso za wale vijana, na sitaidharau fahari hiyo hata leo. Lakini fedha za shirika zilikuwa za miezi tisa. Mwezi wa kumi tokeni za stima ziliisha, na hakuna aliyejua ni jukumu la nani kununua nyingine. Mwenyekiti alikuwa amepata kibarua Athi River na ufunguo alikuwa nao yeye. Tulipoingia hatimaye, kompyuta zilikuwa saba. Kodi ya chumba ilidaiwa miezi miwili. Mwenye nyumba akachukua mbili kufidia deni lake, na zilizobaki zikagawanywa kwa ugomvi ambao marafiki wawili hawajaumaliza mpaka sasa.

Kwa muda mrefu nililaumu shirika. Kisha nikalaumu mwenyekiti. Siku moja mama mmoja wa ghorofa ya pili, ambaye wanawe wawili walikuwa wakija kwenye mafunzo, aliniambia jambo lililonifanya nianze kufikiri upya. Alisema, "Mwanangu, mimi nilijua zile kompyuta zitaondoka. Lakini ningemuuliza nani, na mimi sikuwa nimetoa hata shilingi?"

Ndicho ninachotaka kukichambua hapa. Majirani wa ile korti walikuwa zaidi ya watu mia mbili. Waliona kila kitu: saa ya kufungua, saa ya kufunga, nani aliingia na begi tupu na kutoka nalo limejaa. Hakuna mkaguzi wa hesabu duniani mwenye macho mengi kiasi hicho. Lakini walikuwa watazamaji, kwa sababu mradi haukuwa umewaomba chochote. Mtu asiyetoa huona aibu kuuliza. Na vijana nao, kwa kuwa waliripoti kwa ofisi ya shirika iliyokuwa Westlands, walijifunza kuandika ripoti nzuri za Westlands. Korti hawakuiripotia.

Linganisha na kilichotokea kwenye korti nyingine za Dandora. Kuna korti iitwayo Mustard Seed, ambako vijana walianza kwa kuzoa taka, wakapanda miti, wakapaka kuta rangi, wakaweka mahali pa watoto kucheza, na wakawaomba wakazi mchango mdogo wa kila mwezi kwa ajili ya usafi na ulinzi. Baadaye kikundi cha Dandora Transformation League pamoja na mtandao wa Public Space Network walieneza wazo hilo kwa mashindano: kila korti inajiandikisha, inabadili sura yake, kisha waamuzi wanapita. Nilizitembelea baadhi ya korti zilizoshiriki. Rangi kwenye kuta ndiyo inayopigwa picha. Mimi niliangalia daftari.

Hesabu yake ni nyepesi na ndiyo maana inafaa kuelezwa polepole. Tuseme korti ina kaya 60, na kila kaya inaombwa shilingi 100 kwa mwezi. Ikiwa zote zinalipa, ni shilingi 6,000. Hazilipi zote, mwezi wa kwanza pengine 20. Vijana wanaanza na shilingi 2,000: wananunua magunia, wanakodi mkokoteni, wanapeleka taka. Mwezi wa pili yule aliyekuwa amekataa anaona mlango wake umefagiliwa kama wa jirani, anatoa. Mwingine anatoa kwa sababu gari lake linalala ndani ya geti. Wapo watakaokataa daima, na kikundi chenye busara hakiwafukuzi watoto wao uwanjani. Kiasi chenyewe hakiwezi kumlisha kijana mmoja, sembuse kumi na saba. Thamani yake ni haki ya kuuliza ambayo jirani anaipata pamoja na risiti. Aliyelipa shilingi mia Januari atagonga mlango wa mweka hazina Februari kuuliza kwa nini mtaro umeziba.

Ndiyo maana kikundi chetu kilipoanza upya tulikubaliana jambo moja: Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla ya kazi, mweka hazina husimama katikati ya korti na kusoma daftari kwa sauti. Kaya zilizolipa kwa namba ya mlango, bila kutaja wasiolipa. Magunia mangapi, bei gani. Aliyekodisha mkokoteni, kiasi gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tuliongeza kwamba daftari lisilosomwa mbele za watu halina tofauti na kutokuwa na daftari. Msichana aliyepewa kazi hiyo alikuwa na miaka kumi na tisa. Mara ya kwanza alisoma akiwa ameinamisha uso, karatasi ikimtetemeka mkononi. Mzee mmoja alimsimamisha kwenye shilingi 350 za majembe akitaka kujua yako wapi. Msichana alikwenda, akayaleta mawili, akayaweka chini mbele ya mzee. Tangu siku hiyo alisoma akiwa ameinua uso.

Mathare, si mbali na Dandora, kanuni hiyohiyo ilijengwa kwa mpira. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianzishwa mwaka 1987 na Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, pamoja na vijana wa mtaa. Timu iliyotaka kucheza ligi ilipaswa kusafisha mtaa wake, na kazi ya usafi ikikamilika timu ilipata pointi sita kwenye msimamo, zaidi ya zile za kushinda mechi. Fikiria maana yake kwa mtoto wa miaka kumi na mbili. Kipa hodari na fundi wa kusukuma toroli wanachangia kombe lilelile. Mwaka 1992 MYSA ilipata tuzo ya Global 500 ya UNEP. Mwaka 1994 ikazaliwa Mathare United, klabu aliyopitia mshambuliaji Dennis Oliech, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Watu hukumbuka ubingwa. Kwangu mimi kilicho kikubwa zaidi ni mambo mawili yasiyoonekana kwenye televisheni. Kanda za MYSA ziliongozwa na vijana waliochaguliwa na vijana wenzao, baadhi yao wakiwa bado wanafunzi. Na zawadi ya kijana aliyejituma, kwa kufundisha wadogo au kusafisha, ilikuwa karo iliyolipwa moja kwa moja shuleni. Fedha haikupita mfukoni mwa yeyote, kwa hiyo haikuwa na nafasi ya kupotelea njiani.

Mfumo huo ni mgumu kwa sababu ligi huchukua mwaka mzima. Kinyume chake ni mashindano ya mheshimiwa. Uchaguzi unapokaribia, kama ule wa Agosti 2022, kila kata hupata kombe, jezi zenye sura ya mgombea na mpira mpya kwa kila timu. Sisemi vijana wakatae mipira. Lakini mashindano ya wiki mbili huwachagua walio bora na kuwarudisha nyumbani waliobaki, na baada ya fainali hakuna ratiba. Mtoto wa Dandora anahitaji kujua kwamba Jumamosi ijayo saa nne kuna mtu atakayemngoja uwanjani, na ile ya baada yake vilevile. Kiongozi wa mradi akiniuliza afanye nini na mgombea anayekuja na jezi, jibu langu ni: mwombe alipie mwamuzi na chokaa ya kuchorea uwanja kwa mwaka mzima. Akikubali, mshukuru mbele ya watu.

Suala la malipo linahitaji kusemwa kwa ukweli. Mwaka 2020 korona ilipofunga vibarua, serikali ilianzisha Kazi Mtaani, na awamu yake ya pili ilimlipa kijana shilingi 455 kwa siku kusafisha mitaro na barabara. Nilisikia watu wazima wengi, baadhi yao waendeshaji wa miradi, wakilalamika kwamba mpango ule uliua moyo wa kujitolea: kijana aliyezoea kufagia bure sasa anauliza analipwa ngapi. Sikubaliani nao hata kidogo. Kujitolea ni kwa mtu aliyekula. Kijana anayefagia korti asubuhi bila chai atafanya hivyo miezi mitatu, minne akiwa na imani, kisha atakwenda kubeba mawe, na ana haki ya kwenda. Kosa la Kazi Mtaani lilikuwa kwamba fedha ilikuja kutoka juu na ilipokatika haikuacha kitu kinachoendelea chini yake. Vikundi vilivyokuwa na ada ya korti, geti la kulipia maegesho, sehemu ndogo ya kuosha magari au mkataba wa kuzoa taka za ploti vilipungua mwendo lakini havikusimama. Vilivyokuwa na orodha ya majina tu vilisambaratika siku ya malipo ya mwisho.

Kuna jambo jingine ambalo ripoti nyingi za miradi hulikwepa. Kijana wa kiume aliyekaa besi saa mbili usiku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, anaweza kukamatwa kwa sababu tu amekaa, na wapo waliouawa. Kituo cha haki cha Mathare Social Justice Centre kilitoa ripoti mwaka 2017 iliyoorodhesha vijana waliouawa na polisi mtaani humo, na hakuna anayeishi Dandora atakayeisoma akidhani ni habari za ugenini. Vijana wetu walipopata vizibao vya kung'aa vya kuzolea taka, nilidhani wanavipenda kwa ajili ya kazi. Mmoja akanieleza kwamba akikivaa akitembea kutoka stendi usiku, askari humwona kama mfanyakazi. Alikuwa anakifua kila Jumapili. Kwake kizibao kile kilikuwa kinga, na mradi ulioweza kumpa kinga hiyo ulikuwa umemfanyia kitu ambacho wiki sita za kompyuta hazikukifanya. Lakini kizibao hakitoshi. Kikundi kinapaswa kusajiliwa, kitambulike kwa chifu na kituo cha polisi, na wazee wa korti wawajue vijana kwa majina, ili siku mmoja akichukuliwa pawe na watu kumi wa kwenda kumuulizia usiku uleule, kabla hakujapambazuka.

Sasa nirudi kwenye karai na sare iliyoanikwa. Kwa miaka miwili tulijiuliza kwa nini wasichana wetu ni wachache. Tulifanya mikutano, tukaweka mabango, tukaahidi timu yao. Jibu lilikuwa limening'inia kwenye kamba mbele yetu. Jumamosi ni siku ya kufua, hasa pale maji ya mgao yanapofika siku hiyo, na anayefua ni binti. Sisi tulipanga usafi, mazoezi na mkutano, vyote Jumamosi asubuhi. Hakuna binti aliyekuwa ametukataa. Ratiba yetu ilikuwa imemfungia nje. Tulipohamisha mazoezi yao hadi Jumapili saa tisa, tukaruhusu waje na wadogo zao wanaowalea, na tukamweka mtu wa kuwachunga watoto hao pembeni ya uwanja, walikuja ishirini na wawili kwa juma la kwanza.

Kuhusu kamba, tulikubaliana na kina mama kuandika ratiba kwa rangi ukutani: nguo hadi saa saba mchana, mpira kuanzia saa nane, na mitaro ifagiliwe saa kumi na mbili na nusu, kabla karai la kwanza halijajazwa. Kikao hicho kilichukua saa tatu. Ni kikao kigumu kuliko vyote nilivyowahi kuhudhuria, na ndicho pekee ambacho maamuzi yake bado yanafuatwa.

Limebaki la uongozi. Katiba ya 2010 inamtambua kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35, na nimeona vikundi vingi ambavyo mwenyekiti ana miaka 34 na amekalia kiti tangu akiwa na 22. Mara nyingi si ulafi. Ni kwamba yeye ndiye anayejua simu ya afisa wa maendeleo ya jamii, ndiye mwenye sahihi benki, ndiye anayefahamika. Akiondoka ghafla, kama wetu alivyokwenda Athi River, mradi unaondoka naye. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni ndogo: funguo tatu kwa watu watatu wa ghorofa tofauti, mmoja wao mama asiye mwanakikundi, sahihi tatu benki, na kila cheo kiwe na msaidizi mwenye umri mdogo kwa miaka mitano angalau. Yule msichana wa daftari sasa ana msaidizi wa miaka kumi na sita, anayesoma nusu ya ukurasa.

Kundi moja tu halijawahi kuja kwenye usomaji wa daftari, nao ni wenye ploti. Ghorofa zao ndizo zinazopata wapangaji haraka zaidi korti inapokuwa safi na geti linapofungwa usiku; nimeona kodi ya vyumba ikipanda kwenye korti iliyotengenezwa kwa mikono ya vijana wasiolipwa, na vijana hao hao wakashindwa kuimudu. Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwenu, mnaoishi Ruiru, Syokimau au hata Dallas, Marekani, na kupokea kodi ya Dandora kwa simu kila tarehe tano. Toeni ada ya korti kwa kila chumba mnachopangisha, na msiiongeze kwenye kodi ya mpangaji. Msimamizi wa ploti yenu anajua ni nani anayekusanya. Daftari linasomwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi na mbili asubuhi, na kila aliyelipa ana ruhusa ya kuuliza.